Nani Ameonja Chumvi?

Vijana wangu wa ugani, juzi mliponiaga kustaafu mlinipa saa ya ukutani, mbuzi, na hotuba nyingi. Saa inakwenda mbele, mbuzi ameshakula miche ya jirani, na hotuba nilizisikiliza kwa makini nikijaribu kumtambua huyo mama mpole mliyekuwa mkimsifu. Mimi si mpole, na wengi wenu mnalijua hilo vizuri. Vyeo vyangu na mishahara yangu vimo kwenye faili, kama panya hawajavitangulia. Ninachotaka kuwaachia ni habari ya dawa za kuulia wadudu, kwa sababu nyie mnazitolea maelekezo kila siku kama mtu anayegawa karanga.

Nilianzia kazi katika kituo cha Mtama. Nilitoka chuoni, binti wa Kimakonde na Mkristo wa kanisani kila Jumapili, nikafika na viatu vyeupe. Bwana shamba niliyekabidhiwa kwake alikuwa Mzee Nalinga, mtu mrefu asiyecheka ila kwa pua. Alivitazama vile viatu akaniambia nivitunze nitakuja kuvihitaji harusini. Kesho yake, kabla hata ya jogoo kuchoka kuwika, alinipeleka kwenye mikorosho kupuliza salfa.

Wengi wenu mmeikuta salfa, lakini hamkuikuta ile mikono ya zamani. Ni unga wa njano wa kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya mkorosho. Mashine inabebwa mgongoni, inanguruma, na bomba linaelekezwa juu hadi mti mzima unapotea ndani ya wingu. Kazi hufanywa alfajiri kwa sababu umande uliolala juu ya majani ndio unaoushika ule unga. Jua likishapanda majani yanakauka, upepo unaamka, na salfa yako inakwenda kumtibia jirani mikorosho bure. Mzee Nalinga alikuwa akichota unga kidogo kwa vidole, anaurusha hewani, anautazama unakoelekea, ndipo anasema tuanze au turudi nyumbani.

Nilipokuwa nimejishughulisha na maua, yeye alinivuta mkono. Aliniambia, "Binti, maua yatakungoja. Mtazame mpuliziaji. Dawa ikikosea, yeye ndiye atakayekuonyesha mwanzo." Nilidhani ni maneno ya mzee aliyechoka. Leo nikiulizwa nilisoma wapi, chuo nakitaja cha pili.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa kuwa ndipo mambo yote yalipoanzia. Salfa inawasha macho, inakohoza, inaharibu nguo, lakini katika miaka yangu yote sikumwona mtu akianguka shambani kwa sababu yake. Wapuliziaji walirudi nyumbani wa njano kama manjano ya mchuzi, wanakung'uta nguo, wananawa, wanakula. Mboga iliyopandwa chini ya mikorosho ilisuuzwa maji mara mbili ikaingia chunguni. Watu wakakua hivyo, wakazaa, wakafundisha watoto. Kwa nchi nzima ya huku kwetu, dawa ya shamba ikawa kitu cha alfajiri, cha umande, cha kukung'utwa na kunawa. Mazoea yana tabu.

Nilihamishiwa Kilwa, nikapangiwa Miteja, na huko kilimo cha pesa kilikuwa ufuta. Ufuta haupulizwi unga. Unapigwa dawa ya maji kwa bomba la mgongoni, na ile ya maji ni mdudu mwingine kabisa. Inaingia mwilini kupitia ngozi, kupitia pumzi, na inaingia ndani ya jani pia, huwezi kuisuuza. Mbaya zaidi, wauzaji walizoea kuipima kidogokidogo kwenye chupa za maji ya kunywa, maana mkulima hana haja ya lita nzima. Chupa haina jina, haina maelekezo, haina hata ile alama ya fuvu inayomtisha asiyejua kusoma.

Wale waliotegemewa kuipiga walikuwa vijana waliowahi kwenda Mtama na kwingineko kufanya vibarua vya salfa msimu wa korosho. Walirudi Miteja wakiitwa mafundi. Mmoja wao alikuwa Shaibu, kijana mchapakazi, mcheshi, baba wa watoto wawili. Nilimwambia mara nyingi kwamba ufuta ukiwa kwenye maua asiuguse asubuhi, kwa sababu ua la ufuta hufunguka alfajiri na nyuki huja kulifuata jua likianza kuchomoza. Kama hapana budi kupiga, apige jioni, nyuki wakisharudi mzingani. Shaibu alinisikiliza kwa adabu zote, mikono nyuma. Kisha akaniuliza, kwa upole wa mtu anayemwelimisha mgonjwa, kama nimesahau kwamba dawa bila umande haishiki.

Siku ninayoieleza ilikuwa ndani ya mwezi wa Ramadhani, na ufuta wa bonde lote ulikuwa umechanua. Bi Somoe alinipigia simu asubuhi. Huyu alikuwa mjane aliyetundika mizinga yake kwenye miti ya ukingoni mwa bonde, na asali yake ilisomesha wajukuu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema tu, "Njoo uone. Wanaanguka."

Nilipanda pikipiki ya ofisi, ile iliyokuwa ikiwaka kwa kubembelezwa. Nilimkuta Bi Somoe amechuchumaa chini ya mzinga wa kwanza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Ardhi ilikuwa imefunikwa na nyuki. Wengine walikuwa wamekufa na ndimi zao nje, wengine wanazunguka pale chini wakitetemeka, wanajaribu kuruka na kuangukia mgongo. Waliokuwa bado wanafika kutoka bondeni walitua mlangoni mwa mzinga na wenzao waliwasukuma nje. Nilijua hiyo si salfa, wala si dawa nyepesi, na nilijua kwamba kilichowaangusha nyuki kwa wingi ule bado kinapigwa na mtu.

Nilishuka bondeni nikifuata sauti ya mpini wa bomba. Shaibu alikuwa katikati ya ufuta, shati limelowa mgongoni mahali bomba lilipovujia, kitambaa kimefungwa shingoni badala ya puani. Alisimama akanisalimia. Jasho lilikuwa likimtiririka, nami nikasema moyoni ni kazi. Akatema mate. Akaongea kidogo, akatema tena.

Kwa mtu wa huku hakuna cha ajabu hapo. Mwezi wa Ramadhani ukipita mtaani saa za asubuhi utadhani watu wote wamelishwa mwarobaini, maana wengi huogopa kumeza hata mate yao wenyewe. Nimeishi na Waislamu maisha yangu yote, nimeizoea ile hali kama nilivyozoea adhana. Nilianza hata kumgombeza kuhusu nyuki. Kisha akatema mara ya tatu na mate hayakukatika, yakaning'inia kidevuni, naye hakuyapangusa. Hapo nikamsikia Mzee Nalinga. Nikaacha habari ya maua na nyuki, nikamsogelea Shaibu nikamtazama usoni.

Mboni zake zilikuwa ndogo kama tundu la sindano, na kope la jicho moja lilikuwa likiruka lenyewe.

Nilimwambia atue bomba. Akasema amebakiza kipande kidogo. Nikamuuliza kama kichwa cha bomba kiliziba asubuhi, akasema ndiyo, alikipuliza kwa mdomo kama kawaida. Nikamuuliza kama alisukutua. Akanitazama kama niliyesema neno la aibu. "Nimefunga, mama," alisema. "Nitasukutuaje?"

Alikuwa amekaa na ile sumu mdomoni tangu jua lilipochomoza, kwa kumcha Mungu. Nilimvua lile bomba kwa mikono yangu, nikamvua na shati. Alianza kutapika kabla sijamaliza. Nduguye Hamisi alikuwa akipalilia ng'ambo ya kijito, nikamwita. Tulimmwagia Shaibu maji ya kijito mwili mzima, tukamsukutua kwa nguvu huku akigeuza kichwa asivunje saumu yake, na miguu ikawa haimbebi tena. Hamisi alimpakata nyuma ya pikipiki, nami nikaendesha hadi zahanati kwenye matope ya masika. Sijawahi kuomba Mungu na kutukana pikipiki katika pumzi moja kama siku ile.

Tabibu wa zahanati, Bwana Nassoro, alikuwa amezoea kuletewa watu waliozidiwa na funga. Wauguzi walishaanza kuandaa kipimo cha malaria. Nilimwomba atazame mboni. Alitazama, akaacha kila kitu, akaniuliza ni dawa gani. Nilimpa chupa ya maji niliyoiokota kando ya bomba, yenye mabaki ya dawa. Alinusa, akaniuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, ni dawa gani, mama. Ilibidi nimpigie muuzaji. Alianza kwa kuniuliza kama mimi ni polisi, kisha akasema yeye huuza majembe tu. Nilimwambia kuna mtu anakufa na jina la dawa ndilo litakaloamua. Nikasikia watoto wakicheza upande wake wa simu. Kisha akalitaja. Nassoro alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akatoa atropini, dawa ya kuikata sumu hiyo, akaanza kuchoma sindano na kungojea, kuchoma na kungojea, mpaka kifua cha Shaibu kikaacha kukoroma.

Mchana ulishavuka tulipoanza kupumua. Nikamuuliza Hamisi kama shemeji yake ameshaambiwa. Akasema simu ya Mwanahawa haipatikani, na hakutaka kumtumia mtu akamtie hofu kabla hali haijajulikana. Kisha akaongeza, kwa namna ya kunituliza, kwamba Mwanahawa alikuwa na mumewe bondeni asubuhi, akachuma mboga ya futari akarudi zake nyumbani.

Nilimuuliza mboga gani. Akasema majani ya kunde, yale yaliyopandwa katikati ya mistari ya ufuta. Alichuma wapi? Nyuma ya Shaibu, palipokwisha pigwa, ili asimpite mbele akamsumbua.

Niliondoka bila kuaga. Njiani nilijipa moyo. Jua lilikuwa bado liko juu, na katika nyumba ya wafungaji chakula kinaweza kuiva mapema lakini hakiliwi mpaka Magharibi. Nilijiambia kwamba Ramadhani iliyomponza baba ndiyo itakayowaokoa walio nyumbani. Niliendesha vibaya, nikaanguka mara moja kwenye kona ya matope, nikainuka. Niliogopa, na siwafichi. Nilikuwa nikiwaza bakuli linalotoka nyumba hii kwenda ile, kama ilivyo desturi ya futari, na lile linalokwenda msikitini.

Mwanahawa nilimkuta jikoni uani, sufuria bado mafigani, tui likichemka taratibu, harufu nzuri kabisa. Alinipa shikamoo yake, akaniona nilivyo na matope, akasimama. Nilimuuliza kama ametoa bakuli lolote kwenda kwa mtu. Akasema bado. Kama mtu yeyote amekula. Akasema nani wa kula mchana, bibi shamba. Nilimweleza habari ya mumewe kwa maneno machache, kwamba sumu imempata, kwamba yuko mikononi mwa tabibu, anapumua. Nikaishika ile sufuria kwa kanga nikaiepua, nikidhani tumewahi.

Hapo macho yangu yakaangukia kikombe kidogo cha bati kando ya figa. Ndani yake kulikuwa na mabaki ya kijani.

Nyinyi mliolelewa na mama zenu pwani hii mnajua. Mpishi aliyefunga haonji. Anamwita mtoto asiyefikia umri wa kufunga, anamdondoshea mchuzi kiganjani, mtoto analamba na kusema chumvi imekolea au imepungua. Ni kazi ya heshima, watoto huigombania.

Nilimuuliza, "Mwanahawa, nani ameonja chumvi?"

Alinitazama, kisha akakitazama kikombe. "Rehema," alisema. Alimwonjesha kiganjani, mtoto akaomba tena kwa kuwa ni mboga aipendayo, akampa kidogo kwenye kikombe. Rehema, binti yao mkubwa, alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema amelala, amesema amechoka, yuko kwenye mkeka nyuma ya nyumba na mdogo wake.

Mtoto wa umri ule halali alasiri wenzake wakicheza njiani. Tulikimbia sote wawili. Mdogo wake alikuwa akichezea vifuu, mzima, yeye hapendi majani. Rehema alikuwa amejikunja kwa tumbo, shavu limelowa mate, mkeka umelowa. Nilimfunua jicho. Sihitaji kuwaambia nilichokiona.

Mwanahawa alimwita jirani amchukue yule mdogo, nami nikamwambia mtu asiiguse ile sufuria. Alimbeba, akapanda nyuma yangu, na njia nzima alikuwa akiniuliza neno moja tu, kama anapumua, na mimi ndiye niliyekuwa mbele nisiyemwona. Nilimjibu ndiyo kila mara. Pale zahanati Nassoro alimchukua mtoto mikononi mwake kabla sijazima pikipiki. Atropini iliyobaki ilimtosha mtoto. Sikutaka kujua ilibaki kiasi gani, na hadi leo sijamuuliza. Gari la mizigo lililokuwa likipita likasimamishwa, baba na mwana wakalazwa juu ya magunia kupelekwa hospitali ya wilaya, mama katikati yao, nami ukingoni.

Adhana ya Magharibi ilitukuta njiani. Dereva alisimama, akatoa tende na maji, akampa Mwanahawa kwanza. Hakupokea. Alikuwa amemwekea mtoto kiganja puani ili aisikie pumzi, akasema hawezi kuutoa mkono. Ikabidi nimlishe tende mimi, moja, kama ninayemlisha mgonjwa.

Wote wawili walipona. Rehema alirudi kwanza, mwembamba na mwenye maneno mengi. Shaibu alikaa muda mrefu na mikono inayotetemeka, na kikombe cha chai hakikumfikia mdomoni bila kumwagika. Nyuki wa Bi Somoe hawakupona. Mizinga ilikaa kimya msimu mzima, na wakulima wa bonde lile walipokuja kuvuna walilalamika kwamba ufuta umetoa punje chache na asali imepotea sokoni. Muuzaji alihama duka. Nasikia ana lingine.

Mimi nilimwendea imamu. Sikuwa na ulimi wa kuwafundisha Waislamu saumu yao, jambo hilo linahitaji mwenye nalo. Alinisikiliza, akakunja uso, na Ijumaa iliyofuata akawaambia watu kwamba kusukutua hakuvunji saumu, na mpishi anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi akatema, wala haina neno. Baada ya hapo nilipita nyumba kwa nyumba nikieleza dawa ipi, saa ipi, na siku ngapi mtu angoje kabla hajachuma jani. Nilibandika hadi mlangoni mwa kinu. Shaibu nilimfanya awe anatembea nami. Alinyoosha tu mikono yake mbele za watu wakaiona ikitetemeka.

Ramadhani ya mwaka uliofuata, Mwanahawa aliniita nyumbani alasiri. Safari hii kunde alizipanda peke yake, mbali na ufuta, lakini zilishambuliwa na vidukari na Shaibu alizipiga dawa niliyomchagulia mimi, jioni, nami ndiye niliyehesabu siku na kusema sasa zinaweza kuchumwa. Mboga ilikuwa mafigani, tui likichemka taratibu. Rehema alikuwa amesimama karibu, kiganja chake kimeshakaa tayari, kama desturi.

Mwanahawa hakumtazama. Hakuonja mwenyewe pia, ingawa imamu alishamruhusu. Alichota mchuzi kwa upawa, akaugeuzia upande wangu.

"Bibi shamba," alisema, "wewe hufungi. Na wewe ndiye uliyesema siku zimetimia. Onja."

Sikuona ubaya usoni mwake, wala utani. Shaibu alikuwa mlangoni, mikono ameificha kwapani. Vijana wangu, niliipitia ile dawa kichwani tangu mwanzo, jina lake, kipimo chake, mvua iliyonyesha katikati, kila siku niliyoihesabu. Niliyajua yote kuwa sawa, na bado mkono wangu ulikuwa mzito kuinuka. Nikafikiria ni mara ngapi nimesema "haina shida" shambani kwa watu na kwenda kula chakula changu kwingine.

Nikakinga kiganja. Akanidondoshea mchuzi wa moto, nikaulamba wote, na nyumba nzima ikanitazama machoni.

Mboga ilikuwa imepungua chumvi. Nikamwambia.